Kopo Lisilolia

Kama una doa jeusi chini ya mguu, weka chini huo wembe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na kama utachoka kusoma hapa, angalau hilo utakuwa umelipata.

Mimi naitwa Simiyu. Kwetu ni Bungoma, upande wa Kenya, lakini riziki yangu iko Katwe, hapa Kampala, ambako nimechomelea mageti na madirisha kwa miaka kumi na minne. Sisi mafundi wa Katwe tunaidharau sana ngozi. Cheche ikikuangukia mguuni unaipangusa tu na kuendelea, na wengi wetu tunavaa sandali za tairi kwa sababu viatu vya kufunika vinaunguza miguu. Kwa hiyo nilipoona doa kisiginoni, upana wa kifungo cha shati, sikujiuliza mara mbili. Nilisema ni cheche iliyopenya. Kila fundi niliyemwonyesha alisema ni cheche, na mmoja akavua sandali akanionyesha la kwake. Lilipokuwa gumu nililikwangua kwa wembe. Lilipotoa damu nililifunga kitambaa nikarudi kazini. Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima, nikijisifu kwamba naujua mwili wangu.

Mke wangu Nekesa ndiye aliyegundua uvimbe kwenye kinena. Alinishika pale akicheka, halafu akaacha kucheka.

Ilikuwa Desemba, kipindi cha jua, vumbi la Katwe likiwa limepanda mpaka kwenye nyusi za watu. Hospitalini walikata kinyama wakakipeleka kupimwa, na wiki tatu baadaye daktari akaniambia ni saratani ya ngozi. Nilimwomba asome tena jina lililo kwenye faili. Mimi ni mweusi, nikamwambia, huo si ugonjwa wa watu wa rangi yangu. Alisubiri nimalize, kisha akanieleza kwamba watu weusi nao huupata, na kwetu hupenda kukaa chini ya nyayo, mahali ambapo mtu haangalii. Walikata kisigino, wakaziba kwa ngozi ya paja, na mpaka leo kisigino changu kina rangi ya paja. Kinenani waliondoa uvimbe. Kufikia Februari ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuja na wenzake wawili.

Nekesa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kushika baada ya mbili kuharibika. Hilo ulijue kabla sijaendelea.

Daktari aliniita peke yangu akaniambia kuna matibabu wanayoyajaribu kwa wagonjwa wachache. Watanidunga kirusi hai ndani ya uvimbe. Kirusi chenyewe asili yake ni cha ng'ombe, wamekitengeneza upya ili kile saratani, na kwa kuwa hakuna mtu anayetaka kitu kama hicho kitembee mwilini kinavyotaka, wamekifunga na dawa. Nikimeza vidonge, kirusi kinaishi na kufanya kazi. Nikiacha, kinakufa baada ya siku chache. Alikuwa anatafuta mfano wa kunielewesha nikamkatiza. Nimeelewa, nikamwambia, ni swichi kubwa ya karakana. Mashine ikianza kumla mtu mkono, hukimbilii mashine, unakimbilia swichi. Alifurahi sana, na nadhani ameutumia mfano huo kwa wengine bila kunitaja.

Masharti yalikuwa mengi. Vidonda vikae vimefunikwa. Nilale peke yangu. Beseni langu, taulo langu, nguo zangu zifuliwe mbali. Nisikae karibu na mjamzito wala mtu mwenye kinga dhaifu. Nisishike mtoto mchanga mpaka matibabu yaishe na vipimo viwe safi. Na nisikaribie ng'ombe. Hapo nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nyumbani kwa mama mkwe ng'ombe wanalala mita chache kutoka jikoni.

Muuguzi wetu, Sista Nakato, mwenye Kiswahili cha Kampala, ndiye aliyenikabidhi chupa ya vidonge.

"Hii dawa watu najua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Iko ya familia moja na ya wale wa kliniki ya chini. Wewe hauna hiyo ugonjwa, ssebo. Lakini watu naweza kusema. Saa moja asubui, saa moja jioni. Usiluke."

Wale wa kliniki ya chini ni wanaoishi na virusi vya ukimwi. Niliitia chupa mfukoni, na nilipotembea ikalia.

Sijui kama unaufahamu mlio huo. Kampala nzima inaufahamu. Vidonge vikubwa kwenye chupa ya plastiki, kila hatua vinagongana, na mtu akipita nao watu wananyamaza kidogo halafu wanaendelea na mazungumzo. Sisi tunapanga Kasubi, chumba kimoja, ile wenyewe wanaita muzigo, na ukuta wetu na wa jirani ni tofali moja. Nilipita sokoni Nakivubo nikanunua pamba. Karakana nilikuwa na kopo dogo la kahawa ambalo nilikuwa nikiwekea misumari. Nikalisafisha, nikatia vidonge, nikashindilia pamba, nikalitikisa karibu na sikio. Kimya kabisa. Nikalificha nyumbani, kwenye sanduku langu la vyombo vya kazi, chini ya koleo.

Nekesa nilimwambia habari za sindano, za beseni, za taulo, hata za kutokaribia ng'ombe. Kirusi na vidonge sikuvitaja. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi ya aibu na sijaipata.

Sindano ya kwanza ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa mvua za Machi. Baada ya hapo ilikuwa kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo nikaanza kuhesabu maisha kwa Jumanne. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya mbao vilivyong'arishwa na makalio ya watu, na dirisha moja lisilofunguka. Hapo ndipo nilipomkuta Hajjati. Alikuwa mama wa Kinubi, wa wale ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan enzi za Waingereza wakabaki, na mapaja yake yalikuwa daima yamejaa ukindu wa rangi. Alikuwa anasuka tabaga, zile sinia za Wanubi ambazo mzunguko mmoja wa rangi hufuata mwingine mpaka macho yako yanazunguka. Niliketi pembeni yake.

"Wewe iko kwa ile dawa ya kirusi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Hajjati."

"Basi hama, mtoto yangu. Kaa kiti ya tatu. Mimi mwili yangu haina askari."

Nilihama. Baadaye alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Ameishi na virusi vya ukimwi miaka kumi na minane, na sasa saratani imekuja juu yake. Vidonge vyake na vyangu ni ndugu. Vyake vinakinyima kirusi chake maisha, vyangu vinakipa cha kwangu. "Mungu ana mambo," alisema, akakata ukindu kwa meno. Tangu siku ile tulikaa viti viwili vikiwa wazi katikati yetu, tukizungumza kwa sauti ya juu kidogo. Mzee mmoja alidhani tumegombana, akaja kutupatanisha. Hajjati alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akamwambia kwamba mimi bado sijaomba msamaha.

Mwili ulianza kufanya mambo yake. Siku ya tatu baada ya kila sindano nilipata homa na mifupa ikauma kama nimebeba chuma siku nzima. Uvimbe ulivimba zaidi, ukawa mwekundu, ukapasuka, ukatoa maji yenye harufu ya sarafu ya zamani. Sista alifurahi kuuona hivyo. Mimi niliogopa. Suruali zangu zilianza kunivaa kwa huruma, nikatoboa mashimo mapya kwenye mkanda kwa msumari. Karakana wenzangu walininyang'anya mashine ya kuchomelea wakanipa brashi, nikawa mpaka rangi wa mageti, kazi ambayo kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikiidharau.

Usinidhanie kuwa nilikuwa na moyo wa chuma. Nekesa alilala kitandani, mimi chini kwenye godoro, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja tu, katikati yetu tulitundika shuka. Kupitia shuka nilimsikia akigeuka, akihema, akiongea na tumbo. Nilitamani kuweka mkono pale mtoto alipopiga teke. Alikuwa akiniambia, "Sasa hivi amepiga, upande wa kulia," na mimi nikaweka mkono kwenye ubavu wangu wa kulia.

Jumamosi moja, baada ya sindano ya pili, nilirudi mchana nikakuta vidonge vyangu vimepangwa kwenye sahani juu ya meza. Pembeni ya sahani palikuwa na pamba. Nekesa alikuwa anakunja nguo akizitia kwenye begi. Alikuwa ametafuta koleo la kushikia jiko lililovunjika mguu.

"Dada yangu alikuwa na kopo kama hili," alisema. "La majani ya chai. Naye aliweka pamba. Nililala naye chumba kimoja miaka miwili na sikusikia kitu, mpaka alipoacha kumeza, na hata hilo sikulisikia."

Nilijua dada yake alikufa. Sikuwa najua habari za kopo.

"Nekesa, si hivyo unavyofikiri."

"Nimetoka kupima. Mimi niko sawa. Naomba Mungu na mtoto awe sawa."

"Hata mimi niko sawa. Hiyo dawa ni ya kirusi. Ya kukilisha."

"Kirusi gani?"

"Cha ng'ombe."

Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na hata masikioni mwangu ulisikika uongo wa mlevi.

"Simiyu," alisema, "ungeniambia ni ule ugonjwa, ningekupikia uji na kukukumbusha saa. Siukimbii ugonjwa. Naikimbia pamba."

Ningeweza kumpigia Sista simu pale pale, amweleze. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini nilikuwa nimeitwa mwongo, homa ilikuwa inanipanda, na mimi nikiwa na hasira huwa najiona mwenye haki kuliko watu wote. Nikamwambia kama anataka kwenda aende. Alikwenda kwa mama yake Bungoma. Vidonge aliviacha kwenye sahani, wazi kwa yeyote aingiaye. Kopo alilichukua.

Mtoto alizaliwa mwisho wa Aprili. Nilipata habari kwa ujumbe wa mama mkwe. Ni msichana, mama yake mzima, watu wote wako palizini. Kwetu Bungoma mtoto hupewa jina la majira aliyozaliwa. Mimi Simiyu nilizaliwa wakati wa kiangazi, Nekesa wakati wa mavuno, na huyu, aliyekuja wakati wa palizi, ni Naliaka. Nilikaa juu ya mkebe wa rangi nikalitamka jina hilo mpaka fundi wa jirani akauliza namwita nani.

Sasa nakuambia jambo ambalo karatasi walizonipa kusaini hazikulisema. Walinieleza homa, vidonda, mafua, kila kitu. Hakuna aliyenieleza itakavyokuwa kushikilia swichi mkononi mwako mwenyewe. Kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni nilishika kidonge, na kila kidonge kilikuwa na maana ile ile. Nikikimeza, kirusi kinaendelea kuishi na simshiki mwanangu. Nikikiacha, kirusi kinakufa na njia ya Bungoma inafunguka. Hakuna aliyenizuia kwa nguvu. Ni mimi niliyejizuia, mara mbili kwa siku, kwa maji ya kikombe. Hamu hiyo ilikuwa na mahali pake mwilini, kwenye mikono, kutoka kiwiko mpaka viganja, na iliuma kuliko kinena.

Wiki ya pili ya Mei nilishindwa. Niliacha cha asubuhi, nikaacha cha jioni, na kesho yake asubuhi nikaacha tena. Nikafunga begi. Ilikuwa Jumanne ya sindano, nikapita hospitali kuuliza tu, hivi ndivyo nilivyojidanganya, siku ngapi nikae kabla ya kumshika mtoto. Sista hakuwa amefika. Hajjati alikuwepo, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye begi.

"Umeruka ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Aliendelea kusuka. Nilidhani atanifokea, nikajiandaa kumjibu.

"Mimi niliruka mwezi moja," alisema. "Miaka mingi nyuma. Mume yangu alikuwa amekufa, nikasema nakunywa kwa ajili ya nani. Unaona hii macho?" Aligusa jicho la kushoto, ambalo sikuwa nimewahi kugundua kwamba halioni. "Hii ilikwenda huo mwezi. Haikurudi. Enda kwa mtoto yako, mtoto yangu, hakuna mtu atakufunga kamba. Lakini wewe naenda kumsalimia, ama naenda kumuaga?"

Hasira yangu haikupata pa kukaa. Sista alipoingia nilimwambia ukweli, akanipima uvimbe kwa rula, akasema mmoja umepungua nusu na wenzake wawili wamekauka. Alikwenda kuzungumza na daktari, akarudi na glasi ya maji. Nilikimeza kidonge mbele yao wote wawili. Tangu siku hiyo Hajjati alinipigia simu kila jioni saa moja, akaacha ilie mara moja, akakata.

Baada ya sindano ya nne, Juni, kirusi kilinipanda. Ilikuwa mchana, niko Katwe napaka geti la kanisa, na wenzangu wanasema nilianza kulieleza lile geti habari za Naliaka. Walinibeba mpaka hospitali. Homa ilikuwa juu, mdomo umejaa vidonda, na nilipoulizwa nimemeza dawa saa ngapi nilijibu kwa Kibukusu, lugha ya kwetu Bungoma. Sista alihitaji kujua. Akachukua faili langu, akatafuta mahali palipoandikwa mtu wa karibu, na hapo, kwa mwandiko wangu wa Februari, palikuwa na namba ya Nekesa.

Mazungumzo yao Nekesa amenisimulia mara nyingi, na kila mara anaigiza sauti ya Sista.

"Mama, mume yako anakunywa dawa saa ngapi?"

"Dawa gani?"

"Ile ya kuwasha kirusi. Ya ng'ombe. Saa hii imewaka sana, tunataka kuzima."

Nekesa anasema alikaa chini palepale kwenye majani. Halafu akajibu. "Saa moja," alisema. "Asubuhi na jioni, saa moja kamili, anakwenda kwenye sanduku la vyombo anageukia ukuta. Nilidhani anaomba."

Kumbe alikuwa ananiona. Wiki zote zile, kupitia shuka, alikuwa anajua saa yangu.

Walisimamisha vidonge. Siku ya pili homa ikaanza kushuka, ya tatu nikaweza kumeza uji, na daktari akanionyesha karatasi ya vipimo kwa furaha ya fundi ambaye mashine yake imetii. Swichi ilikuwa imefanya kazi. Jambo la ajabu ni kwamba sasa nilikuwa nimeambiwa rasmi niache, jambo nililolitamani kwa wiki nyingi, na nilikuwa na hofu kuu kwamba hawatanirudishia. Nilihesabu siku. Siku ya sita Sista alikuja na kidonge kwenye kifuniko cha chupa, nikakipokea kwa mikono miwili.

Kabla ya hapo, siku ya tatu, simu ilikuwa imelia.

"Simiyu."

"Nekesa."

"Kwa hivyo kweli ni cha ng'ombe," alisema.

Nilicheka mpaka kidonda cha mdomo kikapasuka. "Ni cha ng'ombe."

"Si ungeniambia."

"Nilikuambia."

"Uliniambia baada ya pamba."

Nikamwomba msamaha, kwa ajili yake na kwa ajili ya dada yake, nikalia bila kujificha kwa sababu hospitalini hakuna mahali pa kujificha. Aliniuliza, "Nije? Nimlete?" Nekesa, ambaye nilimfukuza kwa mdomo wangu, alikuwa tayari kuvuka mpaka siku ile ile. Nikamwambia asije. Mtoto ananyonya, mimi bado nina kitu hai ndani yangu. Sijawahi kusema neno gumu kuliko hilo.

Ikawa simu. Kila Jumapili aliiweka karibu na mtoto nikasikiliza. Picha zilikuja, lakini picha zilinitosheleza dakika moja tu kisha zikanizidishia njaa. Sauti ilikuwa bora. Nilimsikia akipiga chafya, akinyonya, akilalamika. Kuanzia Julai nikaanza kusikia kitu kingine nyuma yake, cha-cha, cha-cha, kisha mtoto anatulia.

"Ni nini hicho?" niliuliza.

"Kitu chake cha kuchezea," alisema Nekesa. "Utakiona."

Sindano ya mwisho ilikuwa Julai, kidonge cha mwisho mwanzoni mwa Agosti. Hakuna aliyepiga makofi. Sista alipangusa vidonda, akachukua mate na damu, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili zilikuwa ndefu kuliko miezi mitano. Saa moja ilipofika mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kikombe. Niliporudi, Sista alikuwa mlangoni na karatasi.

"Hakuna kitu," alisema. "Kirusi imekwisha. Na ile uvimbe, daktari atakuambia, lakini mimi nasema leo lala vizuri."

Daktari alisema kovu tu ndilo linaloonekana, na kwamba watanipima kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mingi. Hakusema nimepona, na mimi sitakuambia nimepona. Nilitoka nikapita viti vya kungojea. Hajjati alikuwa mahali pake. Nilipita kiti cha tatu, nikapita cha pili, nikaketi pembeni yake kabisa, akaniangalia kwa jicho lake moja zima. Nilinyoosha mkono. Aliushika, akaushikilia. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vyenye sugu za ukindu, na alikuwa mtu wa kwanza kunishika mkono bila glavu tangu Machi. Niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa sitaki kuuachia.

"Umeomba msamaha sasa," alisema. Kisha akatoa tabaga kwenye mfuko, nyekundu na zambarau na kijani. "Kwetu mtu haendi kuona mtoto na mkono mitupu. Weka sukari juu. Usiweke mtoto, si sahani ya pilau." Bado namwona kila ninapokwenda kupimwa. Ameanza tabaga nyingine.

Nilifika Bungoma mchana, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Ng'ombe wa mama mkwe alikuwa amesimama njiani, na kwa mazoea nilimzunguka kwa mbali kama mtu anayenidai. Kabla sijafika uani nilisikia cha-cha, cha-cha. Nilisimama. Miguu ilikataa, hata ule wenye kisigino kizima.

Nekesa alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya jiko, mtoto mapajani. Mkononi alikuwa na kopo la kahawa. Nililijua kwa kikwaruzo cha msumari ubavuni. Kifuniko kilikuwa kimezungushiwa utepe wa gundi, na ndani, aliniambia baadaye, kulikuwa na maharagwe tisa.

Hakuinuka. Alinitazama nilivyokonda, akanitazama kisigino, akaniinulia mtoto.

Nilinyoosha mikono nikampokea, nikamshika mbali na kifua, viwiko vimekaza, kama nilivyojizoeza kushika kila kitu tangu Machi.

"Simiyu," alisema Nekesa, "huyo si geti la rangi mbichi."

Nikamvuta. Aliniegemea hapa, chini ya shingo, mzito kuliko nilivyodhani, akaanza kulia kwa sababu hanijui. Sikuwa na mkono wa kumbembeleza wala wa kujifuta uso. Nekesa alilitikisa kopo karibu na sikio langu, lile lile, bila pamba, kwa nguvu mpaka mama mkwe akachungulia kutoka ndani, na mtoto wetu akanyamaza kusikiliza.